Fundo la Ulimi na Uzito wa Hatua: Wajibu Wetu kwa Wagonjwa wa Parkinson

Nakala ya mhadhara wa Ramadhani 1446 (Machi 2025), uliotolewa baada ya futari katika ukumbi wa jumuiya, Edgware Road, London

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa na uhai na imani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote waliofuata nyayo zao kwa wema. Amma baad.



Awali tunawashukuru mama zetu waliokuwa jikoni tangu adhuhuri ili tufuturu kwa uji, tambi na katlesi kana kwamba tuko Unguja au Mombasa, ilhali nje ya mlango huu ni Edgware Road na baridi yake. Jazakumullahu kheir.

Kamati ya jumuiya imetutaka tuseme machache juu ya mgonjwa na mwezi wa Ramadhani. Mada hiyo ni pana, nasi hatuna zaidi ya muda uliobaki kabla ya Isha. Kwa hivyo tumechagua maradhi mamoja tu, maradhi ya Parkinson, na ndani yake mambo mawili: ulimi na hatua, yaani namna mgonjwa anavyosaidiwa kusema na kutembea. Tumeyachagua kwa sababu maradhi haya yamo ndani ya safu zetu za sala, na sisi tuliyapita bila ya kuyaona.

Tuanze na huko kutoona kwetu. Katika jumuiya hii yuko mzee ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akituombea dua baada ya futari. Hatumtaji jina, yeye na watu wa nyumbani kwake wameturuhusu tusimulie habari zake kwa sharti hilo. Sauti yake ilikuwa ikijaza ukumbi bila ya kipaza sauti. Kisha ikaanza kupungua. Tukamwekea kipaza sauti, tukakisogeza karibu na kinywa, tukakiongeza nguvu. Siku moja kijana mmoja akasema, kwa heshima zote, kwamba dua haisikiki nyuma, basi asome mwengine. Akasoma mwengine. Mzee wetu hakulalamika. Uso wake haukuonesha chochote, nasi tukasema: amenuna. Akaja wiki mbili tatu zaidi, akikaa karibu na mlango, kisha asionekane tena. Waliokutana naye njiani walimwona akienda kwa vihatua vifupi, mkono mmoja haupungi, wakasema: uzee huo. Wako pia, Mwenyezi Mungu atusamehe, waliosema ana jicho la mtu, na waliosema ana shetani.

Ramadhani iliyopita alianguka chumbani kwake saa tisa alasiri. Alikuwa amefunga. Alikuwa na vidonge vya kumeza mara nne kwa siku, na kwa kuiheshimu funga yake akaviweka vyote hadi Magharibi. Alikaa sakafuni karibu saa mbili akiita, na mkewe alikuwa chumba cha pili asimsikie, kwa kuwa sauti haikutoka. Alipona, Alhamdulillah. Lakini tulipokwenda kumtazama ndipo tulipojua kwamba amekuwa na Parkinson kwa miaka minne, na kwamba aliondoka ukumbini kwa haya, si kwa hasira. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nasi tunaongeza: si mara zote mgonjwa ndiye anayeficha, pengine ni sisi tunaogeuza macho.

Ni maradhi gani haya? Jina lake ni la mtu wa mji huu huu. James Parkinson alikuwa tabibu wa Hoxton, mashariki ya London, na mwaka 1817 alichapisha kitabu kidogo juu ya kile alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza habari za watu sita, na baadhi yao hawakuwa wagonjwa wake: aliwaona barabarani, akauzingatia mwendo wao. Baadaye tabibu Mfaransa, Jean-Martin Charcot, ndiye aliyependekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson. Basi tuzingatie kwamba elimu hii ilianza kwa mtu aliyewatazama vyema wapita njia wa London. Sisi kila usiku wa Ramadhani tunapita Edgware Road, kutoka Marble Arch hadi soko la Church Street, baina ya mikahawa ya Waarabu iliyojaa watu, na hatuangaliani.

Katika ubongo wa binadamu, ndani kabisa, mna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo chembe zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii ndiyo inayouwezesha mwili kufanya mambo bila ya kuyafikiria: kupunga mkono wakati wa kutembea, kupepesa macho, kutabasamu, kumeza mate, kupandisha sauti mtu akiwa mbali. Katika Parkinson chembe hizo hufa kidogo kidogo, na dalili zinapodhihiri, sehemu kubwa yake imekwisha kupotea. Ndipo mtu hutetemeka mkono ukiwa umetulia, viungo hukakamaa, mwendo huwa mzito, maandishi huwa madogo, uso hupungua ishara zake na sauti hushuka. Wako wasiotetemeka kabisa. Na kwa wengi, miaka kabla ya hayo, harufu ya vitu ilikwisha kupotea, choo kilikuwa kigumu, na usiku walikuwa wakipiga mateke usingizini.

Si shetani, wala si kijicho, na si uzee mtupu, kwani huwapata hata watu wa miaka 40. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa nao duniani. Wala asiseme mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Huko kwetu, wilayani Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu zaidi ya 161,000, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi nao bila ya jina na bila ya kidonge.

Na ikiwa tunataka mfano wa ndugu yetu Muislamu, yuko Muhammad Ali. Wazee waliopo hapa wanaukumbuka usiku wa Kinshasa, Oktoba 1974, alipomwangusha George Foreman. Baadhi yao wanakumbuka pia alipokuja Dar es Salaam mwaka 1980. Alikuwa mtu ambaye ulimi wake uliogopwa kama ngumi zake. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, aliambiwa ana Parkinson. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mbele ya ulimwengu mzima, mkono ukitetemeka, na mwaka 2012 alitokea hapa hapa London katika ufunguzi wa michezo hiyo. Sauti ile ilikuwa imekwisha kuwa mnong'ono, lakini yeye hakujificha hadi alipofariki mwaka 2016. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu zetu, dawa ipo. Iliyo kubwa ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haiuondoi ugonjwa, bali humpa mgonjwa saa za nafuu. Inalegeza viungo na kupunguza uzito wa mwendo. Lakini kwa sauti na kumeza, aghlabu haitoshi. Hapa ndipo panapoingia mada yetu ya usiku huu: mafunzo ya usemi na ya mwendo.

Tuanze na ulimi. Mgonjwa wa Parkinson hajui kwamba sauti yake imeshuka. Kipimo chake cha ndani kimeharibika: anaposema kwa sauti ndogo, yeye hujisikia kama anasema sawasawa, na akisema sawasawa hujiona anapiga kelele. Ndiyo maana nyumbani mke husema, "Mbona unanong'ona?" na mume hujibu, "Nyinyi ndio viziwi." Wote wawili wanasema kweli kwa wanavyosikia. Basi ugomvi huo si wa tabia. Ni wa maradhi.

Mwaka 1987 huko Marekani, Lorraine Ramig na wenzake walianza kutengeneza njia ya kuwafunza upya watu hawa, na wakaiita kwa jina la Lee Silverman, mwanamke aliyekuwa na Parkinson. Njia hiyo inajulikana kwa herufi LSVT. Haimfundishi mgonjwa mambo kumi kwa pamoja, bali jambo moja tu: toa sauti kubwa. Kwani akitoa sauti kubwa, pumzi huongezeka, kinywa hufunguka na maneno hutoka wazi bila ya kufundishwa moja moja. Vikao ni 16 kwa wiki 4, siku 4 kila wiki, kila kikao muda wa saa nzima, na baina yake mazoezi ya nyumbani. Mgonjwa huchagua sentensi 10 anazozitumia kila siku, akazirudia hadi kipimo cha ndani kirekebishike.

Na je, inafaa? Hapa Uingereza palifanyika utafiti ulioitwa PD COMM, ukachapishwa mwaka 2024. Watu 388 waligawanywa makundi matatu: wa LSVT, wa mafunzo ya kawaida ya usemi ya NHS, na wasiopata mafunzo kwa wakati ule. Wale wa LSVT ndio waliopata nafuu ya dhahiri baada ya miezi mitatu. Wa mafunzo ya kawaida hawakuonekana kuwazidi wasiopata kitu. Kabla ya hapo, mwaka 2016, utafiti mwengine wa nchi hii kwa watu 762 ulionesha kwamba vikao vichache vya viungo na vya shughuli za nyumbani havikuwafaa wagonjwa ambao maradhi yao yalikuwa bado mepesi. Tusifahamu kutokana na hayo kwamba mazoezi ni bure. Tufahamu kwamba mazoezi ya kugusa na kuacha hayatoshi, na kwamba haba na haba hujaza kibaba pale tu mtu anapotia kila siku.

Tuje kwenye hatua. Sheria yake ni ile ile. Mwili umepunguza kipimo: hatua imekuwa nusu hatua, mkono haupungi, mgongo umeinama. Mafunzo humtaka mgonjwa afanye kila kitu kikubwa kuliko anavyodhani kuwa ni sawa: hatua ndefu, mkono uende mbali, kifua kifunguke. Na kwa kuwa ile njia ya ubongo inayofanya mambo bila ya kufikiri imedhoofika, mgonjwa hufunzwa kupita njia nyengine: ya kukusudia. Ahesabu moja, mbili. Asikilize mpigo. Atazame mstari sakafuni na auvuke.

Hili la mstari lilitushangaza. Mtaalamu wa viungo wa mzee wetu alimwekea utepe sakafuni nyumbani, kwenye ujia wa kwenda msalani, kwa sababu hapo miguu yake ilikuwa ikiganda. Ndivyo inavyokuwa: mtu anafika mlangoni, au anataka kugeuka, na miguu inakuwa kama imegundishwa chini. Alipokuwa na mistari ya kuvuka, alivuka. Mzee akatuambia: "Hii ni kama mistari ya busati la msikitini." Nasi tukakumbuka kwamba katika ukumbi wetu tumeiweka mistari ya safu kwa ajili ya kunyoosha sala, na kumbe inaweza kumfaa mtu asiyeweza kuinua mguu.

Sasa, kwa nini tuliambiwa kwamba mtaalamu wa usemi na mtaalamu wa viungo wafanye kazi pamoja, na si kila mmoja na chumba chake? Kwa sababu mwili ni mmoja. Mtu aliyeinama kifua hapati pumzi ya kutosha kutoa sauti, na asiyetoa sauti hawezi kuita anapoanguka. Mtu anayeweza kutembea peke yake akiwa kimya huganda mara moja akitakiwa ajibu swali huku anatembea. Mtaalamu wa usemi ndiye pia anayetazama kumeza, na kumeza kunategemea mkao. Mtaalamu wa shughuli za nyumbani ndiye anayejua kwamba kiti ni kifupi mno na zulia linateleza. Muuguzi wa Parkinson ndiye anayejua saa za vidonge, na mazoezi yakipangwa wakati kidonge kimekwisha nguvu, mgonjwa na mwalimu wote watataabika bure. Wakikaa pamoja, mmoja atasema, "Mimi namfunza sauti kubwa," na wa pili atasema, "Basi nami nitamfanya ahesabu hatua zake kwa sauti kubwa." Mazoezi mawili yanakuwa moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwetu sisi Waislamu jambo hili si geni. Katika Sura Taha tunasoma habari za Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni. Hakuficha kwamba ulimi wake una uzito. Aliomba mambo mawili pamoja: afunguliwe ulimi wake, na apewe msaidizi wa kufuatana naye, Harun ndugu yake. Hakutosheka na dua bila ya msaidizi, wala na msaidizi bila ya dua. Na Mola wake alimpa vyote. Ikiwa Mtume mwenye kuzungumza na Mola wake aliomba msaada wa usemi bila ya kuona haya, ni nani katika sisi wa kuona haya kwenda kwa mtaalamu?

Na anayedhani kwamba kisomo chake hakina thamani kwa kuwa sauti inakatika na ulimi unajikwaa, basi akumbuke hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa mama yetu Aisha (r.a.), kwamba mwenye kuisoma Qur'ani kwa taabu na uzito ana ujira mara mbili. Sisi tulimpokonya mzee wetu kipaza sauti pale ambapo malipo yake yalikuwa yameongezeka.

Tuje katika Ramadhani. Siku za funga mwaka huu hapa London zinapindukia saa 13, na vidonge vya levodopa kwa wengi ni kila saa tatu au nne. Kuviacha ghafla ni hatari: mwili hukakamaa, mtu huanguka, na katika hali nzito maisha yenyewe huwa hatarini. Mwenyezi Mungu katika Sura al-Baqara, aya ya 184 na 185, amemwondolea mgonjwa uzito huu. Mwenye maradhi yanayotarajiwa kupona hulipa siku nyengine. Ama mwenye maradhi yasiyotarajiwa kuondoka, na ambaye funga inamdhuru, mafundisho ya madhehebu ya Imamu Shafi ambayo wengi wetu tumekulia ni kwamba hutoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, amlishe maskini, na hana deni. Kuipokea ruhusa ya Mola si upungufu wa imani. Wako wagonjwa wachache ambao madaktari wao huwapangia dawa ya namna nyengine, mathalani kiraka cha kubandika ngozini, wakaweza kufunga. Lakini hilo ni la kupangwa na daktari wiki nyingi kabla ya mwezi kuandama, na kuulizwa sheikh, si la mtu kujiamulia usiku wa kuamkia funga.

Na katika sala, hadithi ya Imran bin Husayn (r.a.) inatosha: asiyeweza kusimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali kwa ubavu. Wagonjwa wa Parkinson wengi hushukwa na damu wanapoinuka kwa haraka, wakapata kizunguzungu. Basi kiti cha mzee katika safu si fedheha. Fedheha ni kumwona anayumba baada ya sijida na sisi tukaendelea na mambo yetu.

Mezani pia pana mambo. Kwa baadhi ya wagonjwa nyama, maziwa na kunde hushindana na levodopa tumboni, kwa hivyo kidonge humezwa kabla ya chakula kwa muda anaouelekeza daktari. Maharage makubwa ya ful, tunayoyala mikahawani hapa wakati wa daku, yana levodopa kwa asili yake. Kadhalika upupu wa kwetu, ule unaowasha. Lakini kiasi chake hakipimiki kwa kijiko, wala si badala ya dawa. Tusimpe mtu upupu kwa kuwa tumesikia mitandaoni. Na mgonjwa asiharakishwe kula: tende itolewe kokwa na ikatwe, akae wima, ameze kwanza kabla ya kujibu salamu. Chakula kinachopita njia ya pumzi ni katika mambo yanayowaua wagonjwa hawa.

Wengi wetu wazee wetu hawako hapa. Wako Zanzibar, Lamu, Tanga, Mombasa, Muscat. Tunazungumza nao kwa simu, na simu inachukua sauti. Basi tuisikilize. Ikiwa mwaka hadi mwaka sauti ya mama inazidi kuwa ndogo na ya kulingana, na kila mara tunasema mtandao mbaya, huenda si mtandao. Tumwombe ndugu aliye karibu naye ampeleke hospitali kubwa yenye daktari wa mishipa ya fahamu. Hali imeanza kubadilika: mwaka 2022 ulianza mradi wa utafiti uitwao TraPCAf wa kushughulikia matibabu ya Parkinson katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Tusitume vidonge mifukoni mwa wasafiri bila ya daktari. Lakini mazoezi hayana nauli: mjukuu anaweza kukaa na bibi yake kila baada ya Alfajiri, akamwambia atoe sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya pili ya ua.

Kwa walio hapa, njia ni hii. Tumwendee daktari wa familia, tumwambie dalili zote, hata za choo na usingizi. Baada ya ugonjwa kutambuliwa tuulize kwa majina: muuguzi wa Parkinson, mtaalamu wa viungo, mtaalamu wa shughuli za nyumbani, mtaalamu wa usemi. Mwongozo wa matibabu wa nchi hii wa mwaka 2017 unataka wataalamu hao wafikiriwe mapema. Mzee asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya mkalimani. Tusimfanye mtoto wa miaka 12 kuwa mkalimani wa babu yake katika mambo ya aibu. Na zile sentensi 10 za kufanyia mazoezi ziwe za lugha yake. Mzee wetu alipoulizwa azichague, ya kwanza ilikuwa Assalaam alaykum. Ya pili ilikuwa jina la mkewe.

Amefanya wiki zake 4. Hakupona, kwani haya si maradhi ya kupona, na baadhi ya siku miguu bado huganda. Lakini mkewe sasa anamsikia kutoka chumba cha pili. Katika ile nyumba hilo si jambo dogo.

Tumalizie kwa yale ambayo kamati imekubali, ili maneno yetu yasiwe ya hewani. Viti vinne vitawekwa katika safu ya kwanza, si karibu na mlango. Njia baina ya mlango na safu itaachwa wazi, viatu viwekwe pembeni. Mgonjwa akiganda, asivutwe mkono wala asisukumwe: asubiriwe, apumue, ahamishe uzito mguu hadi mguu, kisha avuke mstari. Vijana watatu wamejitolea kuwapeleka wagonjwa kwenye vikao vyao na kuwarudisha. Na mtu anapozungumza polepole, hapana wa kummalizia maneno yake.

Jambo la mwisho tunawaomba nyinyi nyote. Tumemwalika mzee wetu aje atuombee dua usiku wa kuamkia mwezi 27. Hajatoa jibu. Amesema anaogopa kwamba sauti itamsaliti mbele ya watu. Tumemwambia kwamba akija, tutazima viyoyozi, tutawanyamazisha watoto, na hapana atakayetazama saa. Hiyo ni ahadi tuliyompa kwa niaba yenu bila ya kuwauliza. Anayekutana naye njiani baina ya sasa na siku hiyo asimame, amsalimie, na angoje jibu mpaka litoke.

Ee Mola wetu, wafungulie ndimi zao waliofungwa, ziimarishe hatua zao, wape subira wanaowauguza, na utusamehe sisi tuliowaona tusiwatazame. Warehemu wazee wetu waliotutangulia, na uzikubali funga za waliofunga na udhuru wa waliozuilika. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.